Patroni Alijua Tangu Lini?

Asubuhi barabara ya Yangambi inapopita Simi-Simi hujaa pikipiki na baiskeli za toleka zinazowapeleka watu katikati ya Kisangani. Kwa asiyeujua mji wetu, Simi-Simi ni mtaa wa magharibi, ndani ya komuni ya Makiso, wenye uwanja wa ndege wa zamani ambako askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka tarehe 24 Novemba 1964. Siku hizi ndege kubwa za abiria hutua Bangoka, upande mwingine wa mji, na Simi-Simi imebaki mtaa wa watu wanaotoka asubuhi na kurudi jioni. Kati yao wamo wanawake wenye mshahara: walimu wa shule za watu binafsi, wauguzi, wapokea fedha madukani, makarani, wafanya usafi wa ofisini.

Mmoja wao akijua kwamba ana mimba, swali linalomkosesha usingizi ni hili: patroni nimwambie lini? Rafiki aliyemtangulia kazini humshauri kwa mapenzi, "Yaya, nyamaza kwanza. Ukisema mapema atamtafuta mwingine." Mume anataka mshahara wa mwezi huu uingie kwanza. Mama mkwe anasema mimba haitangazwi kabla haijakaa vizuri. Wote watatu wana sababu zao, nami nimewasikiliza wengi wa aina yao. Hata hivyo, kila ninaposoma sheria yetu ya kazi narudi palepale: huo ukimya humgharimu mwanamke kuliko unavyomkinga. Sheria ya Kongo ina kinga nzuri kwa mwenye mimba, lakini kinga hiyo hushika vizuri pale anapoweza kuonyesha kwamba mwajiri alijua, na tangu tarehe gani.

Sheria ninayoisema ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo wengi huiita Kode ya Kazi, iliyorekebishwa kwa sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu chake cha 130 kinampa kila mwanamke anayejifungua haki ya kusimamisha kazi kwa wiki 14 mfululizo: sita kabla ya kujifungua, na zisizozidi nane baada yake. Haki hiyo haipungui mtoto akifariki; kifungu kinasema wazi, aishi au asiishi. Kwa wiki hizo zote mwanamke hulipwa theluthi mbili za ujira wake, na vitu vingine alivyoahidiwa kwenye mkataba bila kulipwa kwa fedha vinaendelea kutolewa. Anayepata faranga 300,000 kwa mwezi atapokea 200,000. Na katika muda huo mwajiri amekatazwa kuvunja mkataba.

Sasa tazama kisichoandikwa humo. Kifungu cha 130 hakisemi mwanamke atoe taarifa siku ngapi kabla. Hakitaji barua, hakitaji fomu. Ukikisoma haraka unaona ni ukarimu: haki inakuja na uchungu wa kuzaa wenyewe, bila masharti ya makaratasi. Nilikisoma hivyo kwa muda mrefu. Lakini haki isiyo na karatasi hutegemea kumbukumbu za watu, na siku ya ugomvi mwajiri na mfanyakazi hawakumbuki jambo moja.

Kuna hasara nyingine inayokuja kabla ya ugomvi wowote, nayo iko katika hesabu ya wiki. Chukua mama ambaye kadi yake ya CPN, yaani ya kliniki ya wajawazito, inaonyesha atajifungua tarehe 30 Juni. Wiki sita kabla ya hapo zinaanza tarehe 19 Mei. Wiki nane baada yake zinaishia tarehe 25 Agosti. Hizo ndizo wiki zake 14. Mama huyu hakusema kitu. Alivaa vitenge vipana, akafanya kazi mpaka tarehe 23 Juni, akajifungua siku ileile iliyotabiriwa. Amepumzika wiki moja kabla. Akidhani zile tano alizozifanyia kazi atazifidia baadaye akiwa na mtoto, atakuta kifungu kinasema wiki za baada ya kujifungua zisizidi nane. Kwa maneno ya sheria yalivyo, konje yake, yaani likizo yake ya uzazi, imekuwa wiki tisa. Mwajiri mwenye moyo anaweza kumwongezea, lakini hapo ataongezewa kwa hisani, wala si kwa haki.

Mimi naona ukomo huo wa wiki nane ni kasoro. Mwanamke mwenye afya njema angeachiwa achague kufanya kazi karibu na siku yake ili akae zaidi na mtoto. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, nao unataka wiki zisizopungua 14, lakini unachokazania ni wiki sita za lazima baada ya kujifungua. Chini ya mkataba huo, mtoto akichelewa kupita tarehe iliyotabiriwa, mapumziko ya kabla yanarefuka bila kuzila zile za baada. Mpaka siku wabunge wetu watakapokigusa kifungu cha 130, anayetaka wiki zote 14 anatakiwa aanze konje yake wiki sita kabla, na haiwezekani kuanza konje wiki sita kabla na mwajiri hana habari.

Majirani wameliamua jambo hili kila mmoja kwa njia yake. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwanamke ampe mwajiri taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo yake ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na anaweza kuianza wakati wowote ndani ya wiki nne za mwisho. Mwaka 2025 sheria hiyo ilirekebishwa kuwaongezea muda waliojifungua watoto njiti. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, inatosheka na siku saba za taarifa ya maandishi, au pungufu ya hapo kukiwa na sababu ya kueleweka. Likizo ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, nayo ina siku saba, na likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, ambazo wiki nne kati yake lazima zifuate kujifungua.

Ukizipanga sheria hizi unaona kila nchi imejaribu kukisia hofu ya nani ni kubwa zaidi. Miezi mitatu ya Tanzania inamsaidia mwajiri: anapata muda wa kutafuta wa kushika nafasi na kumfundisha. Inamsaidia pia mwanamke makini, maana barua yake inaingia kwenye faili mapema. Lakini inamwacha wazi yule ambaye kliniki ya kwanza aliiona katika mwezi wa saba, na huku kwetu wapo wengi wa namna hiyo. Siku saba za Kenya na Uganda zinamfaa mwanamke aliyechelewa, ila kwa mwenye duka la wafanyakazi wawili siku saba ni kidogo mno. Kongo imenyamaza, na kila ofisi ya Kisangani imejaza pengo hilo inavyotaka: moja inaomba barua mwezi mmoja kabla, nyingine inasubiri mpaka tumbo liseme lenyewe. Kama ningeulizwa, ningesema tuandike mwezi mmoja kabla ya konje kuanza, na tuandike hapohapo kwamba anayechelewa haipotezi haki yake. Hicho kipande cha pili kisipokuwepo, taarifa inageuka mtego.

Sasa nirudi kwa yule rafiki anayesema nyamaza kwanza. Hofu yake imezaliwa na mikataba yetu. Sheria iko wazi kwamba mimba, kujifungua na yanayofuata si sababu halali ya kumfukuza mtu. Hayo ni maneno ya kifungu cha 62. Kifungu cha 128 kinakataza kumdai mwombaji kazi apime mimba au alete cheti kuonyesha kama anayo au hana, isipokuwa kwa kazi ambazo mwenye mimba au anayenyonyesha amekatazwa, au zenye hatari ya kweli kwake na kwa mtoto. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 nayo inakataza mtu kuumizwa kazini kwa ajili ya jinsia yake. Lakini mwenye mkataba wa miezi sita hafukuzwi. Mkataba unafika mwisho, na haurudiwi. Hakuna aliyeuvunja. Hapo ndipo wanawake wengi hupotea kimyakimya, bila barua ya kufukuzwa ambayo wangeipeleka mahali.

Kwa huyu, sheria ina milango miwili isiyojulikana sana. Mtu haajiriwi na mwajiri mmoja kwa mikataba zaidi ya miwili ya muda maalumu, wala mkataba wa namna hiyo haurudiwi zaidi ya mara moja. Na kazi ya kudumu ikifanywa kwa mkataba wa muda, mkataba huo huhesabiwa kuwa hauna kikomo. Mlango wa pili ni wa wale wanaochukuliwa siku kwa siku, kama wengi wa wafanya usafi: aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Na asiyeandikiwa mkataba wowote? Kifungu cha 44 kinataka mkataba uandikwe, lakini unapokosekana kinamruhusu mfanyakazi kuuthibitisha kwa njia yoyote. Mashahidi wanatosha. Ujumbe wa simu unaweza kutosha. Daftari la malipo lenye sahihi yake linatosha zaidi. Mwanamke aliyeambiwa kwa miaka mitatu kwamba yeye ni wa muda tu, huenda kisheria si wa muda hata kidogo.

Basi barua. Kisangani barua ya ofisi huandikwa kwa Kifaransa, na hilo peke yake huwarudisha nyuma wengi wanaojieleza vizuri kwa Kiswahili na Kilingala. Hakuna aibu kumwomba mtu aliyesoma akusaidie. Ila aangalie neno moja. Masikioni mwa watu wa kazi, preavi ni notisi ya kuachana: ya kuacha kazi au ya kuachishwa. Mwanamke anayeandika kwamba anatoa preavi ya uzazi anaweza kusomwa kana kwamba anaaga. Barua yake iseme kwamba anatoa taarifa ya mimba na kwamba mkataba unasimama kwa muda. Itaje tarehe ya kujifungua iliyo kwenye cheti, siku konje inapoanza, na siku atakayorudi kazini. Hii ya mwisho naiona kuwa ndiyo mstari wenye uzito kuliko yote, kwa sababu anayetaja siku ya kurudi hawezi kusingiziwa kwamba alitoroka kazi. Cheti cha daktari au cha mkunga kiambatane, nakala tu. Kadi ya CPN yenyewe abaki nayo.

Aitoe nakala mbili. Moja abaki nayo mwajiri, nyingine irudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Na kama patroni hana muhuri, au anakataa kusaini? Mwenzake wa kazini anaweza kushuhudia akiikabidhi na kuweka sahihi kwenye nakala. Siku hiyohiyo aipige picha na kuituma kwa namba ya mwajiri, ili simu nayo iweke tarehe. Nyumba nyingi za Simi-Simi zina mfuko wa plastiki unaotunza kadi za kliniki, vyeti vya shule na karatasi za kiwanja. Hiyo nakala mahali pake ni humo.

Tusisahau pia kwamba sahihi ya mwanamke chini ya barua hiyo imetoka mbali. Kode ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria lililomfunga. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, siku ileile Kode ya Kazi iliporekebishwa. Wapo wanawake wa Kisangani walioanza kazi wakiwa na barua ya mume mfukoni. Leo mwanamke anatoa taarifa mwenyewe, kwa jina lake, bila barua ya ruhusa ya mume.

Mambo yakiharibika, njia inaanza kwa mkaguzi wa kazi. Ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake haupokelewi na mahakama ya kazi kabla ya kupitishwa kwa mkaguzi ili wapatanishwe. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja kuanzia siku mshahara ulipotakiwa kulipwa. Madai mengi mengine ya mkataba hufa baada ya miaka mitatu. Anayethibitisha kwamba alifukuzwa bila sababu halali anaweza kupewa fidia isiyozidi ujira wa miezi 36. Mwaka ni mfupi kwa mtu mwenye kichanga. Miezi ya kwanza inaondoka na usiku bila usingizi, chanjo na homa, na mama akija kuinua kichwa, theluthi mbili alizonyimwa zimekaribia kupotea. Ndugu wa karibu wangemfaa sana kwa kumwendea kwa mkaguzi kuuliza, wakati yeye bado ananyonyesha.

Na baba je? Sheria inampa siku mbili za kazi mke wake anapojifungua. Zinachukuliwa wakati huohuo wa tukio, na hazikatwi kwenye likizo ya mwaka. Ni chache mno: Uganda ni siku nne za kazi, Kenya ni wiki mbili. Lakini mwanamume anayedhani taarifa yake kazini inahusu hizo siku mbili tu amekosa jambo kubwa. Kode ya Kazi inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake, na uzazi umo ndani. Baba aliyemwambia mwajiri mapema, akaleta karatasi za mke, anakwenda hospitali akijua nani atalipa. Aliyenyamaza anakutana na bili saa ya kutoka. Nchini mwetu kila mtu anamjua mama aliyezuiliwa wodini na mtoto wake kwa sababu bili haijalipwa, na mara nyingine mume ana kazi yenye mkataba. Inauma kuliona hilo likitokea kwa kukosa barua moja.

Mtoto akishazaliwa, kuna siku 90 za kumwandikisha kwa ofisa wa hali ya kiraia. Cheti hicho ndicho kinachofungua posho ya familia kazini. Baba atumie siku moja kati ya hizo mbili kwa jambo hilo.

Nimezungumza kana kwamba waajiri wote ni wabaya. Sivyo. Mwenye duka la dawa au shule ndogo anayelipa theluthi mbili kwa aliyelala nyumbani, na mshahara kamili kwa aliyeshika nafasi yake, anabeba mzigo wa kweli, hasa ukikumbuka kwamba kila mwezi anapeleka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, asilimia 13 ya mishahara, huku mfanyakazi akikatwa 5. Katika hiyo 13, asilimia 6.5 ni ya tawi la familia, na sheria namba 16/009 ya mwaka 2016 imeziweka posho za uzazi ndani ya tawi hilo. Rwanda ilianzisha mfuko wa likizo ya uzazi kwa sheria ya mwaka 2016: mwajiri na mfanyakazi kila mmoja huchangia asilimia 0.3, na mfuko unashiriki kulipa mshahara wa aliyejifungua. Wakati mshahara wa konje unatoka mfukoni mwa mtu mmoja, taarifa ya mimba itasikika kama taarifa ya gharama. Ukitoka kwenye chungu cha pamoja, mwajiri anabaki na kazi ya kupanga zamu, nayo anaiweza. Kwangu hili ndilo lingeondoa ukimya kwa haraka kuliko semina zote za haki za wanawake. Na michango ya kuanzia tayari inakatwa.

Wako wengi ambao haya hayawafikii kabisa. Mama anayeuza samaki wa kukaushwa au muhogo sokoni hana patroni wa kumwandikia. Anarudi mezani kwake mtoto akiwa na wiki mbili kwa sababu mtaji umeisha. Watumishi wa serikali wenye cheo cha kudumu wana sheria yao, namba 16/013 ya mwaka 2016. Mfanyakazi wa nyumbani ana mwajiri, ila anaishi chini ya paa lake, na kumpa barua mtu anayekupikisha chakula chake usiku kunataka ujasiri ambao sheria haiuandiki.

Bado kuna kurudi kazini. Mwanamke anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, nayo yanalipwa kama kazi. Kwa anayefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwake, haki hiyo ni kamili. Kwa wa Simi-Simi anayefanya kazi katikati ya mji, nusu saa inaliwa na pikipiki kwenda na kurudi, tena analipa nauli mara nne kwa siku, na mvua ikinyesha hafiki kabisa. Mwishowe anakamua maziwa chooni au anaacha kunyonyesha. Pendekezo namba 191 linalofuatana na ule Mkataba namba 183 linaruhusu nusu saa hizo ziunganishwe mwanzoni au mwishoni mwa siku, mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana. Basi aliombe katika barua ileile ya kwanza, chini ya tarehe ya kurudi: kwamba muda wa kunyonyesha uwekwe pamoja, atoke kila siku mapema kwa saa nzima. Mwajiri hapotezi dakika hata moja zaidi ya zile anazodaiwa na sheria, na mama anafika Simi-Simi jua lingali juu, kwa nauli moja.